JOHN HOWARD: SHERIFU ALIYEKAGUA JELA KWA MACHO YAKE

Tangu zamani za kale kila kaunti ya Uingereza, yaani kila mkoa wa utawala wa nchi hiyo, ilikuwa na majengo mawili ya kusimamia haki. La kwanza lilikuwa mahakama, nalo lilisimama katikati ya mji mkuu wa kaunti, mahali pa kuonekana na kila mpita njia. La pili lilikuwa jela, nayo mara nyingi ilifichwa katika mabaki ya ngome kuukuu, au katika lango la mji, au katika vyumba vya chini ya ardhi. Waheshimiwa waliingia katika jengo la kwanza kwa kupigiwa tarumbeta. Katika jengo la pili hawakutia mguu, na kwa karne nyingi hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu.

Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya John Howard, Mwingereza wa karne ya 18. Bwana huyo hakuwa jaji, wala mwanasheria, wala mwanajeshi. Alikuwa tajiri wa shamba aliyepewa cheo cha heshima, naye akakishika cheo hicho kana kwamba ni kazi. Sisi ambao utumishi wetu umo katika jeshi tulifunzwa tangu chuo cha makadeti kwamba amri isiyokaguliwa ni sawa na amri ambayo haikutolewa. Ndiyo sababu tukaona yafaa kuyasimulia maisha ya mtu ambaye silaha zake zilikuwa kamba ya kupimia, mizani ya kupimia mkate na daftari.

KIJANA MWENYE MALI

John Howard alizaliwa mwaka 1726. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa London aliyejipatia utajiri kwa kuuza mazulia na vitambaa vya samani. Mama yake alifariki angali mtoto mdogo, naye akalelewa katika kijiji cha Cardington, karibu na mji wa Bedford, ambako baba yake alikuwa na shamba. Shuleni hakung'ara. Alipokua aliwekwa kwa mfanyabiashara wa vyakula ajifunze kazi, lakini baba yake alipofariki mwaka 1742 kijana huyo alirithi mali ya kutosha, akajikomboa katika mkataba ule na kwenda kutembea katika nchi za Ulaya.

Afya yake ilikuwa dhaifu. Wakati mmoja aliugua sana katika nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba, mjane aliyekwisha kupita umri wa miaka 50, akamwuguza kwa uangalifu mkubwa. Howard alipopona akaona hana namna nyingine ya kulipa wema ule ila kumwoa. Alikuwa na umri wa miaka 25 hivi. Majirani walistaajabu, lakini ndoa hiyo ilidumu kwa amani mpaka bibi huyo alipofariki mwaka 1755.

Katika mwaka huo huo mji wa Lisbon, nchini Ureno, uliangamizwa na tetemeko kubwa la ardhi. Mwaka uliofuata Howard alipanda merikebu kwenda kuuona mji huo. Uingereza na Ufaransa zilikuwa zikiingia vitani, na merikebu ile ikakamatwa baharini na Wafaransa. Howard na wenzake walitiwa katika shimo la ngome ya bandari ya Brest. Walikaa muda mrefu bila tone la maji wala chakula, kisha wakatupiwa paja la kondoo, wakalirarua kwa meno kwa kuwa hawakuwa na kisu. Kwa muda wa siku sita walilala juu ya majani makavu. Baadaye aliruhusiwa kurudi kwao, akabadilishwa na ofisa mmoja wa Kifaransa.

Mtu mwingine angeshukuru na kunyamaza. Howard alikwenda moja kwa moja kwa maofisa waliosimamia mambo ya mabaharia wagonjwa na mateka, akawapa habari za Waingereza waliobaki kule, mamia kwa mamia, waliokuwa wakifa kwa kutendewa ukatili. Aliwaeleza kwamba katika mji wa Dinan mateka 36 walizikwa katika shimo moja kwa siku moja. Habari hizo ziliwafanya wakuu wadai hali bora kwa mateka wao. Yafaa ikumbukwe kwamba hapakuwa bado na mkataba wa mataifa wa kumlinda mateka wa vita. Ule wa Geneva unaohusu mateka ulitiwa saini mwaka 1929, ukaimarishwa mwaka 1949.

CHEO CHA SHERIFU

Alirudi Cardington, akaoa tena mwaka 1758. Yeye na mkewe Henrietta waliwajengea wapangaji wao nyumba safi badala ya vibanda vya udongo vyenye unyevu, wakasomesha watoto wa kijiji. Lakini mwaka 1765 Henrietta alifariki siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Howard alibaki na mtoto, shamba, na siku ndefu zisizo na kazi.

Mwaka 1773, akiwa na umri wa miaka 46, aliteuliwa kuwa sherifu wa kaunti ya Bedford. Kwanza palikuwa na kikwazo cha sheria. Howard alikuwa wa madhehebu ya Kiprotestanti yaliyojitenga na Kanisa la Uingereza, na sheria ya siku zile ilimtaka kila mwenye cheo cha serikali ashiriki ibada ya kanisa hilo, la sivyo aweza kushtakiwa na kutozwa faini nzito. Howard alikikubali cheo, ibada hakuishiriki, na hakuna aliyemshtaki.

Sherifu alikuwa na fahari nyingi. Majaji wa kuzunguka walipofika kusikiliza kesi kubwa za kaunti, yeye ndiye aliyewalaki akiwa na wapiga tarumbeta na walinzi wenye mikuki, akawasindikiza mpaka mahakamani na kuwakirimu kwa chakula. Kwa mujibu wa sheria, yeye pia ndiye aliyekuwa na dhamana ya jela ya kaunti. Masherifu waliomtangulia waliiacha dhamana hiyo kwa naibu wao, na naibu akamwachia bwana jela.

Howard alikaa mahakamani akatazama. Akaona jambo ambalo kila aliyekuwamo alikuwa akiliona msimu hata msimu. Mshtakiwa alisimama kizimbani, wazee wa baraza wakatamka kwamba hana hatia, kisha askari wakamshika na kumrudisha jela. Vivyo hivyo yule ambaye mshtaki wake hakutokea kabisa. Howard akauliza sababu. Akajibiwa kwamba hawajalipa ada. Katika jela ya Bedford kila aliyefungwa, kwa haki au kwa makosa, ilimpasa kabla ya kutoka amlipe bwana jela shilingi 15 na peni 4, na mshika funguo shilingi 2. Kibarua wa shamba wa siku zile hakuzipata fedha hizo kwa kazi ya wiki mbili. Na aliyekwisha kukaa mahabusu miezi kadhaa akingoja majaji, angezitoa wapi?

Chanzo chake kilikuwa hiki: bwana jela hakuwa na mshahara. Aliishi kwa ada za wafungwa, kwa kuwauzia pombe, na kwa kumpunguzia minyororo yule aliyeweza kulipa. Kwa hiyo kadiri jela ilivyojaa ndivyo alivyoneemeka, na mtu asiye na hatia alikuwa mali yake kama mwenye hatia.

Howard aliwaendea mahakimu wa kaunti akawaomba wamlipe bwana jela mshahara. Hawakukataa. Walimwambia tu aoneshe kaunti nyingine inayofanya hivyo, ili wapate mfano wa kufuata. Bila shaka walidhani shauri limekwisha. Howard akatandika farasi.

SAFARI YA KAUNTI HATA KAUNTI

Alikwenda katika kaunti jirani asipate mfano. Akaenda katika zile zilizofuata asipate. Kila alipouliza habari za mshahara aliona dhuluma ile ile ya ada, na kila alipoingia ndani aliona mengine zaidi. Hatimaye aliacha kutafuta mfano, akaanza kutafuta ukweli wote. Kabla ya kufa alizitembelea jela za Uingereza na Wales zote zilizokuwa na maana, nyingi kati yake mara nyingi.

Alifanya kazi yake kwa utaratibu ambao ofisa yeyote mkaguzi angeuheshimu. Alifika asubuhi bila ya kutangulizwa na barua. Alipima urefu, upana na kimo cha kila chumba. Alipima mkate kwa mizani ili ajue kama mfungwa anapewa haki yake. Aliuliza maji yanatoka wapi, na kama majani ya kulalia yalibadilishwa, na lini. Aliwahesabu watu mmoja mmoja, akawatenga wadaiwa na wahalifu, wanawake na wanaume, watoto na wazee. Hakuandika maneno makali, aliandika vipimo.

Vipimo hivyo vilitosha. Katika mji wa Plymouth alikuta chumba chenye urefu wa futi 17, upana wa futi 8 na kimo cha futi tano na nusu, ambamo mtu mzima hawezi kusimama wima. Hewa iliingia kwa tundu moja mlangoni, inchi 7 kwa 5, na wanaume watatu waliowahi kufungwa humo walikuwa wakipokezana pale tunduni ili wapate kuvuta pumzi. Huko Knaresborough alisimuliwa habari za ofisa mmoja aliyefungwa siku chache tu kwa deni. Ofisa huyo alikuwa ameingia na mbwa wake amlinde na panya. Mbwa aliuawa na panya hao, na uso wa bwana wake ukaharibiwa. Katika jela ya Ely, iliyokuwa mali ya askofu wa huko, wafungwa walikuwa wamelazwa chali na kufungwa sakafuni kwa minyororo, wakiwa na ukosi wa chuma wenye miiba shingoni, kwa sababu jengo lilikuwa bovu na kulitengeneza kungegharimu fedha.

Katika hesabu yake ya mwaka 1776 alipata wafungwa 4,084 katika Uingereza na Wales. Kati yao 2,437 hawakuwa wezi wala wauaji. Walikuwa wadaiwa, watu walioshindwa kulipa madeni, waliowekwa mahali ambapo hawawezi kufanya kazi ili wayalipe. Wahalifu wa makosa makubwa walikuwa 994 tu, na waliosalia 653 walikuwa wa makosa madogo.

HOMA YA JELA

Adui mkubwa kuliko wote alikuwa ugonjwa ulioitwa homa ya jela, ambao leo waitwa taifasi. Howard alisadiki kwamba homa hiyo iliua wafungwa wengi kuliko waliokufa kwa kunyongwa, ingawa sheria za siku zile zilinyonga watu hata kwa wizi. Wakati huo watu walidhani inatokana na hewa chafu. Ni mwaka 1909 tu ambapo daktari Mfaransa Charles Nicolle, akiwa Tunis, alithibitisha kwamba huenezwa na chawa wa nguo.

Homa hiyo haikutambua tofauti kati ya majengo yale mawili tuliyoyataja. Mfungwa alipoletwa mahakamani na matambara yake, alileta na chawa wake. Mwaka 1577, katika kesi zilizosikilizwa Oxford, ugonjwa uliotoka jela uliwaua majaji, sherifu, wazee wa baraza na watu wapatao 300. Mwaka 1750 katika mahakama ya Old Bailey, London, walikufa meya wa jiji, majaji wawili na wengine hata kupita 40. Baada ya hapo majaji walizoea kuwekewa mbele yao majani yenye harufu nzuri. Waliona ni rahisi kubadili harufu ya mahakama kuliko kuosha jela.

Howard mwenyewe aliingia katika vyumba ambavyo mabwana jela waliogopa kumsindikiza. Alibeba chupa ndogo ya siki ya kunusa. Nguo zake zilinuka hata akashindwa kusafiri ndani ya gari la farasi lililofungwa, akalazimika kupanda farasi kiangazi na masika. Kurasa za daftari lake ilibidi azianike mbele ya moto kabla ya kuzisoma. Hakula nyama, hakunywa pombe. Maisha yake yalikuwa mboga, mkate, maziwa na chai.

MBELE YA BUNGE

Mwezi Machi 1774 aliitwa kutoa ushahidi katika Bunge la Uingereza. Inasimuliwa kwamba mbunge mmoja alimwuliza anasafiri kwa gharama za nani. Hakuwa na tajiri nyuma yake. Alisafiri kwa fedha zake. Bunge lilimshukuru rasmi, na katika mwaka huo huo likapitisha sheria mbili. Ya kwanza iliamuru kwamba aliyeonekana hana hatia aachiliwe pale pale mahakamani, mbele ya watu, bila ya malipo yoyote, na ada ya bwana jela ilipwe kutoka fedha za kaunti. Ya pili iliamuru kuta za jela zipakwe chokaa kila mwaka, hewa ipite, wagonjwa watengewe vyumba, na watu waweze kuoga.

Howard alikuwa amekwisha kufahamu jinsi mambo ya dunia yalivyo. Alizichapa sheria hizo kwa fedha zake, akapeleka nakala kwa bwana jela wa kila kaunti, asije mmoja akasema hakuzipata. Kisha akarudi barabarani kuangalia kama zinafuatwa. Katika jela nyingi hazikufuatwa. Kuta zilikuwa nyeusi kama awali, na nakala haikutundikwa. Hayo yote aliyaandika, jela kwa jela, katika kitabu kikubwa kuhusu hali ya magereza kilichotoka mwaka 1777, akakiuza kwa bei ndogo kwa makusudi ili kienee.

Kitabu hicho kilifanya kazi ambayo ghadhabu isingeifanya. Kaunti zilianza kuona haya, kila moja ikisoma vipimo vyake mbele ya jirani yake. Katika Cornwall jela mpya ya Bodmin ilianza kujengwa mwaka 1779 kwa ramani ya Sir John Call, aliyekuwa mhandisi wa jeshi huko India, naye alifuata mashauri ya Howard kuhusu hewa, maji na chumba cha kulala cha kila mfungwa peke yake. Kaunti ya Gloucester ilifungua jela yake mpya mwaka 1791, na Bedford yenyewe mwaka 1801.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba si kila kilichozaliwa na mawazo yake kilikuwa chema. Howard alitaka mfungwa awe na chumba chake usiku ili asiambukizwe maradhi na ufisadi. Waliomfuata walilichukua wazo hilo wakalipindua. Katika jela ya Pentonville, iliyofunguliwa London mwaka 1842, mfungwa alitengwa usiku na mchana asione uso wa mwenzake, na wengine walirukwa na akili.

GHARAMA YA KAZI HIYO

Howard hakuishia Uingereza. Alikagua jela za Ufaransa, Uholanzi, Ujerumani, Italia, Urusi, Hispania, Ureno na nchi nyinginezo. Kwa hesabu yake mwenyewe alikwenda zaidi ya maili 42,000, na inakadiriwa alitumia paundi 30,000 za mali yake. Mwaka 1786, ili ajue jinsi karantini ya tauni inavyoendeshwa, alichagua kwa hiari kusafiri kutoka Smyrna kwenda Venice katika merikebu iliyoshukiwa kuwa na ugonjwa. Njiani walishambuliwa na maharamia, na inasemekana Howard aliwasaidia mabaharia kuelekeza mzinga. Alipofika Venice alifungiwa siku zake zote za karantini kama mwingine yeyote.

Huko karantini zilimfikia habari mbili. Moja ilisema kwamba watu wa Uingereza wanachanga fedha wamjengee sanamu. Aliandika kwa uchungu kuwasihi waache. Nyingine ilihusu mwanawe wa pekee, aliyekuwa amefikia umri wa kijana: akili yake ilikuwa imevurugika. Howard alikuwa baba mkali, tena baba asiyekaa nyumbani, na tangu wakati huo wapo waliomlaumu kwamba aliwahesabu watoto wa jela zote za Ulaya huku wake mmoja akimpotea. Kijana huyo aliwekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili, akafariki mwaka 1799 bila ya kupona. Jambo hilo hatuwezi kulipima kwa kamba ya Howard. Tunalitaja kwa kuwa ni sehemu ya gharama ya kazi yake, na hakuilipa peke yake.

Mwezi Julai 1789 alianza safari yake ya mwisho. Urusi ilikuwa vitani na Waturuki, na katika mji wa Kherson, karibu na Bahari Nyeusi, askari na mabaharia walikuwa wakifa kwa maelfu hospitalini, zaidi kwa uchafu na njaa kuliko kwa risasi. Sisi wanajeshi hatuna budi kulitia maanani jambo hilo, kwani historia ya majeshi imejaa makaburi ya namna hiyo. Howard alizikagua hospitali zile kama alivyozikagua jela. Akiwa huko alimtembelea msichana mmoja mgonjwa wa homa, naye akaambukizwa. Alifariki tarehe 20 Januari 1790 kwa homa iliyofanana na ile aliyopigana nayo kwa miaka 16. Alizikwa nje ya mji, na alikuwa ameagiza wasimjengee mnara, bali waweke kifaa cha kuonesha saa kwa kivuli cha jua juu ya kaburi lake, wamsahau. Waingereza hawakumtii. Mwaka 1796 sanamu yake ilizinduliwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London, ikiwa ya kwanza kuruhusiwa humo.

Sheria za jinai za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilijengwa juu ya misingi ya Kiingereza, na pamoja na sheria hizo tulipokea jengo la mahakama, jengo la jela, na neno jela lenyewe. Tulipokea pia ile kanuni ya mwaka 1774. Hakimu anapotamka leo kwamba mshtakiwa hana hatia, kizimba hufunguliwa, naye hutoka kwa mlango wa mbele na kupokewa na jamaa zake bila ya kudaiwa senti na bwana jela. Aliyemo mahakamani huona kwamba ndivyo mambo yalivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Haikuwa hivyo mpaka mtu mmoja mwenye cheo, ambaye angeweza kutosheka na tarumbeta na karamu, alipoinuka kitini akavuka kwenda katika jengo la pili kuona anachokidhamini.